Barua ya wazi: Mafunzo yafuate maji, na mkufunzi arudi

Kwa waheshimiwa viongozi wa wilaya na mkoa, wakuu wa mashirika, na wafadhili wa ndani na wa nje mnaogharamia mafunzo ya watu wa pwani ya Bagamoyo.

Shikamooni, na poleni na majukumu.

Ninawaandikia kutoka Mlingotini, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, kusini ya mji wa Bagamoyo. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wa mwani. Nilianza kushuka baharini nikiwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo leo naye ana wake. Katika miaka hiyo nimeitwa kwenye mafunzo ya kila aina: ujasiriamali mara nne, utunzaji wa kumbukumbu mara tatu, uongozi, jinsia, mabadiliko ya tabianchi, usindikaji, ufuatiliaji na tathmini. Mengine yamenifaa hadi leo, na nitayataja. Mengine yalipotea siku ileile tuliyokabidhiwa vyeti. Fedha iliyokwenda ilikuwa ya walipa kodi, wa hapa na wa huko kwenu, na siku zilizokwenda zilikuwa zetu. Naomba mnisikilize.

Nianze na saa nne asubuhi.

Huku kwetu siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu, maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na alasiri saa kumi yamekwishajaa. Hizo ndizo siku za mwani. Ndipo mwanamke anapoweza kufika kwenye kamba zake, akakaza vigingi, akatoa uchafu, akafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vyembamba, akavuna uliokomaa. Siku za maji mafu bahari haitoki vya kutosha, unakaa nyumbani unashona mkeka. Kwa mwezi tuna bamvua mbili, na katika kila moja tunapata siku tano au sita za kazi, saa tatu hivi kwa siku. Mwani unaofungwa leo unavunwa baada ya wiki sita. Maana yake mwani mmoja unaonwa na mwenye shamba katika bamvua tatu tu tangu kufungwa hadi kuvunwa. Akikosa moja, amekosa theluthi ya malezi yake.

Na saa nne asubuhi ndiyo saa ya chai ya semina.

Kuna mwaka tuliitwa mwezi wa Juni, bamvua likiwa siku ya tatu, kusi limeshaanza kupiga. Tulikuwa wanawake ishirini na wawili kwenye ukumbi wa hoteli mjini, feni zinazunguka, bango kitita limesimama mbele. Mwezeshaji alitugawia kadi za rangi tuandike matarajio yetu. Mama aliyekaa pembeni yangu hajui kusoma, lakini kijijini kwetu hakuna anayemfikia kwa kujua mbegu. Akishika tawi la mwani anakwambia litavumilia au halitavumilia, na halikosei neno lake. Akanisogezea kadi yake akaninong'oneza: "Niandikie, nataka kuwahi maji." Nikaandika hivyohivyo. Mwezeshaji alipozikusanya akaisoma kwa sauti, akatabasamu, akasema ni fumbo zuri la Kiswahili, kisha akaibandika ukutani kwenye safu ya "Mengineyo." Ilikaa pale siku tatu. Tuliporudi nyumbani, kusi lilikuwa limeng'oa vigingi, kamba zimesokotana, na mwani umekatika umetupwa ufukweni unanuka. Mama yule alipoteza kamba thelathini na tano. Hakumlaumu mtu. Alikaa chini akaanza kufungua fundo moja moja, na sisi tukakaa naye.

Najua yule mwezeshaji hakuwa na nia mbaya. Fedha za mradi zilichelewa kuingia, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, ripoti inatakiwa, ukumbi umeshalipiwa. Ratiba ilitoka kwenye kalenda ya fedha. Kalenda ya mwezi, ambayo kila mtoto wa hapa anaijua kwa kutazama juu, hakuna aliyeiuliza. Kumpigia simu mwenyekiti wa kijiji siku moja kabla ya kupanga tarehe hakuzidi dakika mbili.

La pili ni mashine. Shirika moja, nalo nalishukuru, lilituletea mashine ya kusagia mwani mkavu uwe unga wa kutengenezea sabuni. Tulifundishwa siku mbili, tukapiga picha, wakaondoka. Ilipofika mwezi wa nne tangu waondoke, mashine ikawa inanguruma bila kuzunguka. Tukapiga namba ya mkufunzi, haikupatikana. Tukapiga namba ya ofisi, tukaambiwa mradi umefungwa na mhusika amehamia mradi mwingine mkoa mwingine. Tukaifunika turubai. Ilikaa miezi kumi na moja. Siku moja kijana mmoja anayetengeneza feni na pampu za maji alipita akauliza kuna nini chini ya turubai. Alifungua kifuniko kwa bisibisi, akatazama, akasema ni kapasita tu imekufa. Kesho yake akaja na nyingine kutoka mjini, akaifunga, mashine ikazunguka. Bei ya kile kidude haikufika hata posho ya siku moja ya mtu mmoja kati ya sisi tuliokaa kwenye yale mafunzo.

Nimelifikiria sana jambo lile. Tulifundishwa faida za kuongeza thamani ya zao, tulifundishwa kuchora soko kwa mishale, lakini hakuna aliyetufungulia kifuniko cha mashine akatuonyesha kilichomo. Na hakuna aliyerudi. Angerudi mara moja tu mwezi uliofuata, tungeokoa karibu mwaka mzima. Sabuni zenyewe vilevile: tulijua kuzitengeneza kabla hatujajua kwamba duka la mjini halitazipokea bila alama ya ubora. Safari ya kwenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kuomba barua ya utambulisho, kisha TBS, shirika la viwango, kuomba alama, tuliijua kwa kuulizia njiani. Semina nzima ya ujasiriamali haikuitaja.

Sasa niseme lililofaulu, ili msidhani nimekuja kulalamika tu.

Kikoba chetu kipo hadi leo. Kina sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti, ili asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake. Utaratibu huu wa kuweka na kukopa kwa vikundi ulienea duniani kutoka Niger, ambako shirika la CARE lilianza mwaka 1991 na wanawake wa vijijini, wengi wao hawajui kusoma. Ndiyo maana hesabu zake zinaweza kukaririwa kwa mdomo na muhuri ukagongwa kwenye kijitabu badala ya maandishi. Ulipofika kwetu, mwalimu wake hakutupeleka hotelini. Alikuja kwa bodaboda kila wiki, akakaa nasi chini ya mwembe, akatazama tunavyohesabu, tukikosea anatuachia tukosee kisha anauliza. Baada ya miezi michache akawa anakuja kila wiki mbili. Kisha mara moja kwa mwezi. Mwisho alikuja siku ya kugawana tu, akakaa nyuma, hakusema neno hadi tulipomaliza. Siku ile niliona mtu aliyetufundisha kazi yake mpaka hatukumhitaji tena, na akafurahi kwa hilo. Mwalimu huyo hakuwa na projekta. Kikoba kimegawana mara nyingi tangu hapo, kimesomesha watoto, kimezika, kimeoza mabinti.

Tofauti ya mwalimu wa kikoba na wale wengine haikuwa elimu yao. Wengi walikuwa wasomi na watu wema. Tofauti ni kwamba yeye alirudi, na alirudi mahali penye kazi, siku yenye kazi.

Kwenye mafunzo ya ufuatiliaji na tathmini, mkufunzi alitueleza kuhusu Donald Kirkpatrick, Mmarekani ambaye tangu mwaka 1959 aliandika kwamba mafunzo yanapimwa kwa ngazi nne. Kwanza, mshiriki ameyapenda? Pili, amejifunza kitu? Tatu, amebadili anavyofanya kazi akirudi kwake? Nne, kumetokea matokeo yoyote? Somo lile nililipenda, nikaliandika kwenye daftari nililonalo hadi leo. Kisha jioni tukagawiwa fomu ya tathmini: ukumbi ulikuwaje, chakula kilikuwaje, mkufunzi alieleweka? Tukaweka vema. Hiyo ni ngazi ya kwanza. Ya pili hupimwa kidogo kwa maswali ya mwanzo na ya mwisho. Ya tatu na ya nne haziwezi kupimwa ukumbini, kwa sababu hutokea baharini na jikoni, miezi baada ya gari kuondoka. Nyinyi wenyewe ndio mliotufundisha hivyo. Kwa nini basi ripoti zenu zinaishia kwenye idadi ya waliofunzwa, wanawake wangapi na vijana wangapi? Mimi nimehesabiwa kwenye ripoti nyingi. Hakuna aliyerudi kuuliza kama kamba zangu zimeongezeka.

Wala si sheria mpya ninayoiomba. Mwaka 2005 nchi tajiri na nchi zinazopokea misaada, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana mjini Paris kwamba misaada ifuate mipango ya wenye nchi, na wafadhili wapatane ili wasigongane. Waliweka hata kipimo: ifikapo 2010, nusu ya fedha za msaada wa kitaalamu, ndizo hizi za kujenga uwezo, zipitie kwenye programu za pamoja zinazofuata mikakati ya nchi husika. Naliandika hili kwa sababu katika mwaka mmoja sisi tulifundishwa ujasiriamali na mashirika mawili tofauti, na yote mawili yalitufundisha kuchora mti wa matatizo. Laiti yangekutana kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, moja lingefundisha na fedha za la pili zingelipa nauli ya kurudi mwaka mzima.

Lipo jambo kubwa zaidi, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndilo linaloninyima usingizi. Mwani wetu uko wa aina mbili. Kuna kotonii, wenye bei nzuri, na kuna spinosamu, wenye bei ndogo lakini mvumilivu. Mbegu zake zilitoka Ufilipino, zikaanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kisha zikaja huku bara. Kiwandani hutolewa ute wa kugandishia vyakula, dawa za meno na vipodozi. Sasa maji ya pwani yanapata joto, hasa kaskazi likiwa limetulia na jua limesimama juu ya maji ya magoti, na kotonii hauvumilii. Matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika. Tunaona shamba likifa kwa siku chache. Dawa inayojulikana ni kuhama: kulima kwenye maji ya kina, ambako joto halibadiliki ghafla, kwa kamba za kuelea au nyavu zilizoshonwa kama mrija. Mtafiti Dkt. Flower Msuya, aliyekuwa katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Zanzibar, ameifanya kazi hii miaka mingi pamoja na wakulima wenyewe. Hata hapa Mlingotini kamba za kuelea zilijaribiwa katika miaka ya 2000, na mwani ulistawi.

Lakini maji ya kina yanataka chombo, na yanataka mtu anayejua kuogelea. Wengi wetu hatujui. Tumezaliwa ufukweni, tumekua ufukweni, na maji yakifika kifuani tunarudi nyuma, kwa sababu mtoto wa kike kwetu hakufundishwa kuogelea, alifundishwa kuokota. Nimekaa kwenye mafunzo ya kilimo cha maji ya kina yaliyofanyika ukumbini, kwa picha, mwanzo hadi mwisho, na neno kuogelea halikutajwa. Tuliporudi, wanaume wenye ngalawa ndio waliokwenda kufunga kamba, na mwaka uliofuata mwani ule ulikuwa wao. Siwalaumu. Nasema tu kwamba mafunzo yaliyoandikwa kwamba ni ya wanawake yaliwahamishia wanaume zao la wanawake, kwa kukosa somo moja la majini na jaketi okozi kumi.

Na walimu wa somo hilo hawako mbali. Mbegani iko hapa jirani. Chuo cha uvuvi cha pale kilijengwa kwa msaada wa Norway tangu miaka ya 1970, na leo kiko chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Pana gati, pana boti, pana wakufunzi wa injini, wa usindikaji wa samaki, wa kuunda vyombo, ambao ni watu wa nchi hii na wanaishi hapa. Wafadhili wa zamani walitumia fedha nyingi kujenga kitu cha kudumu pale, na kimedumu. Nikipita pale kwenye lango nikielekea kwenye semina ya hotelini, moyo huniuma. Mkufunzi akitoka Mbegani anaweza kurudi kwetu bamvua lijalo, na lile linalofuata, bila tiketi ya ndege wala kulala.

Posho nayo niiseme, maana najua mnaiogopa. Mkono mtupu haulambwi. Mama akiacha bahari siku tatu, amekosa riziki ya siku tatu, na watoto wanataka kula. Kwa hiyo sisemi ifutwe. Nasema imetuharibia orodha. Jina la mtu linaingia kwenye karatasi ya mahudhurio kwa sababu yuko karibu na aliyepewa kazi ya kuchagua, na mimi katibu nimo katika hao. Yule mama wa mbegu niliyemtaja, mafunzo yale ya hotelini yalikuwa ya kwanza kwake baada ya miaka mingi. Mafunzo yakifanyika shambani wakati wa kazi, hakuna siku iliyopotea ya kufidiwa, na atakayekuja ni mwenye shamba. Kitakachobaki kwenye bajeti, mlipeni yeye awe mwalimu. Hilo nalisema kwa dhati kabisa: kuna watu hapa wenye ujuzi ambao hakuna kitabu kimeuandika, na hawajawahi kulipwa hata shilingi moja kuufundisha.

Naandika mwaka huu kwa sababu fedha zinapungua na nyote mnajua. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mosi shirika lake la USAID likaacha kuendesha miradi. Februari mwaka huohuo Uingereza ilitangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa lake hadi 0.3 ifikapo 2027. Mtakaa mezani kuamua kipi kikatwe. Ninaogopa kwamba kitakachokatwa kwanza ni safari za kurudi, kwa kuwa hazina picha nzuri wala cheti, na kitakachobaki ni uzinduzi na ukumbi.

Ombi langu basi ni hili. Katika kila bajeti ya mafunzo ya watu wa pwani, nusu ya fedha isitumike hadi mafunzo ya kwanza yamekwisha. Ikae kwa ajili ya mkufunzi kurudi, walau mara sita katika mwaka, kwenye maji, kwenye mashine, kwenye sanduku la kikoba. Mkataba wake usifungwe kwa idadi ya waliosaini. Ufungwe baada ya kikundi kusimama mbele ya kijiji na kusema kilichobadilika na kilichoshindikana. Tarehe zipangwe na kijiji. Na kabla ya kufundisha kulima maji ya kina, wafundisheni kuogelea wanawake na mabinti wa Mlingotini, Mbegani na Kaole.

Msiponiamini, mgeni njoo, mwenyeji apone. Njooni mtazame. Bamvua la mwezi mpevu ujao tutakuwa ufukweni saa tatu na nusu asubuhi, upande wa mikoko. Acheni gari kwenye mnazi mkubwa, mbele yake ni tope. Vaeni viatu vya kufunika vidole, kuna magamba ya chaza na kuna samaki aina ya taa, wenye mwiba mkiani, wamejichimbia mchangani. Mkitembea burutani miguu, watawapisha. Mtakuwa na saa tatu kabla maji hayajarudi, na yule mama wa mbegu amekubali kuwafundisha.

Wenu katika kazi,

Katibu wa kikundi cha akina mama wa mwani,
Mlingotini, Bagamoyo